Mhadhiri ananiambia nasimulia riwaya, sichambui

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nasoma fasihi. Tulipewa kazi ya kuandika insha ya uchambuzi wa dhamira katika riwaya moja ya kujichagulia. Nilichagua ile ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kama Shujaa Okonkwo. Sikuichagua kwa sababu ni rahisi. Niliichagua kwa sababu niliipenda, na kabla ya kuandika niliirudia yote kuanzia mwanzo.

Niliandika kurasa nyingi. Nikaanza na maisha ya mwandishi, nikaweka muhtasari, kisha nikataja dhamira tano: ukoloni, mgongano wa tamaduni, nafasi ya mwanamke, mila na desturi, na ushujaa. Kila dhamira nikaieleza kwa matukio kutoka kitabuni. Insha imerudi imejaa wino mwekundu. Pembeni mwa aya karibu zote mhadhiri ameandika "unasimulia", pengine "kwa hiyo?", na chini kabisa: "Riwaya naijua. Wewe unasemaje?" Amenipa nafasi ya kuiandika upya.

Kinachonichanganya ni kwamba hakuna tukio nililolikosea. Yote yamo kitabuni. Wenzangu wananishauri nichukue mwongozo ninakili dhamira kutoka humo. Nimeusoma, una orodha kama yangu, tena ndefu zaidi. Na mimi ni nani hata niseme jambo langu kuhusu kitabu ambacho wasomi wamekiandikia miaka yote hii? Nitajuaje alichokusudia mwandishi? Nikikosea je? Hata hitimisho sijui kuliandika, huwa narudia utangulizi kwa maneno mengine.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukiingiza, maana sikujua kinakaa chini ya dhamira ipi. Mzee Ezeudu alimwonya Okonkwo asishiriki kumuua Ikemefuna, kijana wa kijiji kingine aliyekuwa akilelewa nyumbani kwake, kwa kuwa kijana yule alikuwa anamwita baba. Hakuna aliyemlazimisha kwenda. Akaenda, na ni yeye aliyemmaliza kwa panga. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Mpaka leo sielewi, na sijui kama ni swali la kuuliza katika insha.

Naomba unisaidie.

Mwanafunzi aliyekwama


Marahaba mwanangu,

Insha yako ianzie kwenye aya ya mwisho ya barua yako. Umenitajia dhamira tano na sikuona hata moja iliyokugusa. Kisha ukamtaja Ikemefuna, na hapo ndipo nilipomwona msomaji. Swali uliloliacha nje kwa kukosa kichwa cha kuliweka chini yake lina uhai kuliko vichwa vyote vitano.

Mhadhiri hakukuonea. Msimuliaji na mchambuzi hutumia matukio yaleyale, ndiyo maana ni rahisi kudhani umechambua kumbe umesimulia. Mmoja anauliza kilitokea nini. Mwingine anauliza kwa nini riwaya imelipanga jambo hili namna hii, na mpangilio huo unatuambia nini. Ukiandika "riwaya hii inazungumzia ukoloni", hakuna atakayekupinga, na kwa sababu hiyohiyo hakuna atakayepata kitu. Umetaja mada tu. Uchambuzi unaanza unapoigeuza mada kuwa kauli kamili ambayo mtu mwenye akili, aliyesoma kitabu hichohicho, anaweza kukubishia. Ile "kwa hiyo?" ya mhadhiri inadai kauli hiyo.

Basi tulishughulikie swali lako. Kwa nini Okonkwo alimkata kijana aliyekuwa anamkimbilia akimwita baba? Msimulizi anajibu palepale kwa maneno machache: aliogopa kuonekana dhaifu. Jibu hilo halikukutosheleza, na usikubali likutosheleze. Msimulizi ametaja sababu ya tendo moja. Wewe unatafuta sababu hiyo inafanya kazi gani katika kitabu kizima.

Rudi kitabuni na daftari, ufuatilie hofu hiyo kila inapojitokeza. Utaikuta mapema sana, kwa Unoka, baba yake Okonkwo, mpenda zumari na mwenye madeni, ambaye mwanawe aliapa kutofanana naye kwa lolote. Utaikuta anapompiga mkewe katika Wiki ya Amani, wakati ambapo kuinua mkono ni kuikosea ardhi yenyewe, inayoabudiwa kama mungu. Utaikuta baada ya kifo cha Ikemefuna, anapokaa siku mbili bila kula akijishutumu kwa kulegea. Usiandike insha bado. Andika ukurasa, tukio, na sentensi moja ya kilichokushtua. Soma pia mambo yanayojirudia kwa sura tofauti, kwa sababu mwandishi mzuri akirudia kitu mara nyingi huwa analo jambo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, wajumbe sita wanatumwa pande sita, kila mmoja anarudi na manufaa kwa nchi yake, na kila mmoja anaadhibiwa. Mjumbe wa kwanza peke yake angekuwa kisa cha kusikitisha. Wakifika sita, ni utawala mzima unaoshtakiwa, na shtaka hilo limeletwa na hesabu yenyewe ya visa. Huo ndio muundo ukifanya kazi ya dhamira. Mhadhiri wako akisema fani (namna kazi ilivyoundwa) na maudhui (kinachosemwa) havitenganishwi, ndicho anachomaanisha.

Katika riwaya yako, marudio yaliyonishika zaidi mimi ni haya. Unoka anakufa kwa ugonjwa wa kuvimba mwili, ambao ni chukizo kwa ardhi, kwa hiyo anapelekwa kuachwa katika Msitu Mwovu na hapati kaburi. Mwishoni mwa kitabu Okonkwo anajinyonga, na kujiua nako ni chukizo kwa ardhi, kwa hiyo watu wa ukoo wake hawawezi kumgusa. Lazima wageni ndio wamteremshe na kumzika. Mtu aliyetumia maisha yake yote kumkimbia baba yake anaishia pale alipoishia baba yake. Sura ya kwanza kati ya hizo iko karibu na mwanzo, nyingine ndiyo ya mwisho kabisa, na mwandishi hakuweka hata neno moja la kuziunganisha. Kuziunganisha ni kazi yako.

Sasa jaribu kauli. Ya kwanza itakuwa dhaifu, na ni kawaida: "Okonkwo alimuua Ikemefuna kwa sababu ya woga." Ni kweli, lakini hiyo ni ya mhusika mmoja na msimulizi ameshaisema kabla yako. Ipanue: "Riwaya inaonyesha kwamba hofu ya kuonekana dhaifu huangamiza kilekile inachojaribu kukilinda." Hapa tayari kuna ubishi. Lakini mbona ukoloni umeachwa nje, wakati sehemu nzima ya tatu ya kitabu imejaa kanisa, mahakama na mkuu wa wilaya Mzungu? Mtazame Nwoye, mwana wa kwanza wa Okonkwo. Alimpenda Ikemefuna kama kaka. Baba yake aliporudi usiku ule, kitu kilikatika ndani yake. Miaka baadaye wamisionari wanapofika Mbanta, kijiji cha mama yake Okonkwo, hoja zao za Utatu hazimwingii kabisa. Kinachomvuta ni wimbo, na wimbo huo unaonekana kujibu maswali mawili aliyokuwa nayo tangu utotoni: mapacha wanaolia porini walikotupwa, na Ikemefuna. Dini ngeni inampata kijana ambaye nyumba yake ilikuwa imeshampoteza.

Hapo kauli yako inaweza kuwa: "Katika riwaya hii utawala wa kigeni hauibomoi Umuofia, jamii ya Okonkwo, kwa nguvu zake peke yake, unaingilia kwenye nyufa ambazo hofu ya kuonekana dhaifu imeshazifungua ndani ya familia." Usiichukue kwa kuwa nimeisema mimi. Nimeileta uone umbali uliopo kati yake na neno "ukoloni". Ona pia jinsi zile dhamira zako tano zilivyoanza kuingiliana zenyewe: ukoloni, mila na ushujaa vyote vimo ndani ya sentensi moja, na sasa vinasaidiana badala ya kupangwa foleni. Hata nafasi ya mwanamke imo, kwa sababu Okonkwo anayedharau kila kitu anachokiita cha kike ndiye anayelazimika kwenda kuhifadhiwa miaka saba kwa wajomba zake, katika kijiji cha mama yake.

Ukishapata kauli, ishambulie kabla mhadhiri hajaishambulia. Wanafunzi wengi huruka hatua hii kwa kuogopa kujidhoofisha, nami naiona ndiyo nzuri kuliko zote. Kitabu hikihiki kinakupinga mahali gani? Kuna Abame, kijiji ambacho watu wake walimuua Mzungu mmoja, na wengi wao wakaja kuuawa sokoni siku ya soko. Je, walikuwa na ufa gani wa kifamilia? Risasi haikuuliza. Tukio hilo linakulazimisha upunguze ukubwa wa dai lako: neno "peke yake" katika ile kauli limewekwa kwa ajili ya Abame. Kisha kuna usiku ambao Chielo, kuhani wa Agbala, mungu ambaye uamuzi wake ndio uliotaka Ikemefuna auawe, anambeba Ezinma, binti wa Okonkwo, kumpeleka pangoni. Okonkwo anatokea gizani na panga lake kumlinda bintiye na mkewe aliyewafuata, na baadaye tunaambiwa alikuwa ameshakwenda huko na kurudi mara kadhaa kwa wasiwasi. Kumbe anaweza kupenda! Ukimwandika kama jiwe, usiku huu utakuumbua. Ukiuingiza, unapata jambo zito zaidi: anapenda pale ambapo hakuna anayemtazama. Mbele ya wanaume wenzake, na Ikemefuna akimkimbilia, hakuweza.

Jihadhari na njia ya mkato ya kusema "mila ndizo zilizomuua Ikemefuna". Obierika, rafiki yake Okonkwo, anaishi chini ya mila hizohizo. Alibaki nyumbani, na alimwambia waziwazi kwamba asingebishana na uamuzi wa Agbala, lakini asingekuwa yeye wa kuutekeleza. Mwandishi amemweka pale ili tuone kwamba njia nyingine ilikuwepo. Ukikutana na mhusika wa aina hiyo, anayefanana na mhusika mkuu kwa kila kitu isipokuwa uamuzi mmoja, mpe aya nzima.

Tuje kwenye kuandika kwenyewe. Chukua insha yako ya zamani, usome sentensi ya kwanza tu ya kila aya, ukiruka zingine zote. Nina hakika utasikia "kisha Okonkwo", "baadaye wamisionari", "mwishoni". Sentensi hizo zikisomwa mfululizo zikatoa hadithi, unasimulia. Katika rasimu mpya zikisomwa mfululizo zitoe hoja. Aya yako kuhusu Nwoye isianze na "Nwoye alijiunga na Wakristo". Ianze hivi: "Kuondoka kwa Nwoye kunaonyesha kwamba kanisa lilikuta pengo lililokwisha kuwepo." Msomaji sasa anajua unataka kuthibitisha nini, nawe utajua tukio lipi uliache.

Nukuu ziwe fupi, na zitoke katika toleo unalosoma wewe, na ukurasa wake. Usinukuu nusu ukurasa halafu ukahamia jambo lingine. Nukuu maneno matano, kisha ubaki nayo: kwa nini neno hili, nani analisema, nani hakusema kitu? Maelezo yako yawe marefu kuliko nukuu. Muhtasari uuondoe wote. Mhadhiri ameisoma riwaya, anahitaji nusu sentensi tu ya kumkumbusha tuko wapi.

Maisha ya mwandishi nayo yatoke, isipokuwa yanapobeba hoja. Mwaka wa kuzaliwa hauthibitishi chochote. Lakini kwamba kitabu kilitoka 1958, miaka miwili kabla ya Nigeria kupata uhuru, ni jambo unaloweza kulitumia vizuri ukifika ukurasa wa mwisho. Muda wote tumekuwa tukiitazama Umuofia kutoka ndani. Ghafla usimulizi unahamia kichwani mwa mkuu wa wilaya, anayewaza kwamba kisa cha mtu huyu kinaweza kumpatia aya moja nzuri katika kitabu anachokusudia kuandika. Sisi tumetoka kusoma riwaya nzima juu ya mtu huyo. Mabadiliko hayo ya mtazamo yanamshtaki yule bwana kuliko matusi ambayo msimulizi angeweza kumtupia. Ukichambua dhamira bila kugusa nani anasimulia, unaacha nusu ya ushahidi mezani.

Umeniuliza utajuaje alichokusudia mwandishi. Hutajua, na huhitaji. Acha kuandika "mwandishi alitaka kutufundisha kwamba". Andika "riwaya inaonyesha", kisha elekeza kidole kwenye mstari. Kusudio limefichika moyoni mwa mtu. Maneno yako mbele yako na mbele ya mhadhiri wako, na nyote wawili mnaweza kuyapima. Kukosea kupo, usidanganywe kwamba kila tafsiri ni sawa. Ukisema Okonkwo hakuwapenda watoto wake, usiku wa Ezinma unakukosoa. Ukisema Nwoye alishawishiwa na mafundisho, kitabu kinakukatalia. Lakini kauli inayosimama juu ya ushahidi, na iliyokutana na ushahidi wa upande wa pili bila kuuficha, haiwi kosa kwa sababu tu msomi fulani anaona vingine.

Mwongozo usiuchome moto. Uweke mbali mpaka uwe na kauli yako na rasimu yako, ndipo uufungue ubishane nao. Ukichukua wazo humo, sema umelichukua wapi. Kilichonifanya nihuzunike katika barua yako ni ile "mimi ni nani". Wewe ni mtu uliyefika kwenye kifo cha Ikemefuna ukafunga kitabu. Mwongozo haukufanya hivyo. Ulilitaja tukio ukaenda namba inayofuata. Riwaya iliandikwa kwa ajili ya msomaji wa aina yako, na wasomi waliotangulia hawajachukua kiti chako.

Utangulizi uandike mwisho, ukishajua umesema nini. Aya moja inatosha, na kauli yako imo.

Kuhusu hitimisho, usirudie uliyoyasema. Peleka hoja mahali ambapo usingeweza kuifikisha ukurasa wa kwanza. Kwa insha hii ningekupeleka kwa Obierika tena. Okonkwo akiwa bado ananing'inia mtini, Obierika, ambaye kila wakati ndiye mwenye mashaka na ukali wa rafiki yake, anamgeukia mkuu wa wilaya na kumwambia kwamba mtu huyu alikuwa miongoni mwa wakubwa wa Umuofia, na kwamba ni wao, Wazungu, waliomsukuma kujiua. Insha yako nzima imekuwa ikielekeza lawama kwenye hofu iliyokuwa ndani ya Okonkwo. Obierika, aliyemjua kuliko wewe na mimi, anawalaumu wageni. Je, amekosea? Je, kauli yako inaweza kubeba lawama zote mbili, au moja lazima ipungue? Jibu swali hilo kwa uaminifu katika aya moja, kisha weka nukta.

Anza na aya ya Nwoye, kwa sababu ndiyo yenye ushahidi ulio karibu. Ikikaa sawa, zingine zitajua pa kukaa.

Wako,
Mwalimu